Maadili ya Viongozi wa Umma na Rushwa Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara na taasisi za Muungano; Zanzibar ina sheria zake, nayo imetajwa katika swali lake. Yameandikwa kwa ajili ya raia wa kawaida anayetaka kujua kiongozi wake anafungwa na masharti gani, na pia kwa diwani au mkurugenzi aliyeteuliwa juzi ambaye amekabidhiwa fomu ya tamko la mali bila kuelezwa inatoka wapi. Hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili.

Kuna tofauti gani kati ya rushwa na ukiukaji wa maadili?

Hili ndilo swali la msingi, na wengi wanaojibu tuhuma hadharani hunufaika kwa kulichanganya. Rushwa ni jinai. Imefafanuliwa katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya mwaka 2007, na anayeshtakiwa hufikishwa mahakamani, ambako upande wa mashtaka hulazimika kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi. Maadili yana chimbuko lingine, yaani Ibara ya 132 ya Katiba na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995. Ibara hiyo inataka sheria ya maadili ipige marufuku mwenendo unaomfanya kiongozi aonekane hana uaminifu, anapendelea au si mwadilifu, pamoja na mwenendo unaoelekea kuchochea rushwa katika shughuli za umma.

Msomaji azingatie kwamba Katiba inazungumzia jinsi kiongozi anavyoonekana. Maana yake ni kwamba kiongozi anaweza kuwa hajatenda kosa lolote la jinai, hajapokea hata senti moja ya hongo, na bado akawa amevunja maadili, kwa mfano kwa kukaa katika kikao kilichompa zabuni shemeji yake bila kutamka uhusiano huo. Kwa hiyo kiongozi anaposema kwamba hajashtakiwa popote au kwamba mahakama imemwachia huru, amejibu swali la jinai peke yake, na swali la maadili linabaki mezani.

Nani anahesabiwa kuwa kiongozi wa umma?

Sheria ya mwaka 1995 imetaja nyadhifa zenyewe, kuanzia Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu, kupita kwa Spika, Jaji Mkuu, mawaziri, wabunge, majaji, wakuu wa mikoa na wilaya, hadi mameya, wenyeviti na wajumbe wa halmashauri pamoja na wakurugenzi wao. Diwani, kwa hiyo, yumo. Mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi au karani wa masijala hayumo, lakini hilo halimwachi huru, kwa sababu watumishi wa kawaida wanabanwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na kanuni zake za maadili ya utendaji, na Sheria ya Rushwa inamhusu kila mtu, awe mtumishi wa Serikali, mfanyabiashara au mpita njia.

Masharti haya yalianza na sheria ya mwaka 1995?

Hapana, na wazee wanakumbuka masharti makali kuliko ya sasa. Kabla ya hapo mwanachama wa TANU alikuwa akiahidi kwamba rushwa ni adui wa haki na kwamba hatapokea wala kutoa rushwa. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilikwenda mbali zaidi: kiongozi wa TANU au wa Serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili na asiwe na nyumba ya kupangisha. Sharti hilo la nyumba liliwaudhi wengi, maana wakubwa kadhaa walikuwa tayari wamejenga na kupangisha, na Azimio liliwafuata hadi majumbani kwa kumhesabu mume au mke wa kiongozi pamoja naye.

Mantiki ya Azimio ilikuwa rahisi kuieleza: kiongozi asiyeruhusiwa kuwa na biashara hawezi kuipendelea biashara yake. Uchumi ulipobadilika, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar mwaka 1991 na kulegeza masharti hayo, uamuzi ambao umeitwa Azimio la Zanzibar ingawa haukutangazwa kwa vifijo kama wa Arusha. Tangu hapo kiongozi anaruhusiwa kumiliki hisa, kupangisha nyumba na kufanya biashara, mradi atamke alichonacho.

Sheria ya mwaka 1995 ilizaliwa katika mazingira hayo, mfumo wa vyama vingi ukiwa mchanga. Rais Benjamin Mkapa alipoingia madarakani mwishoni mwa mwaka huo alitangaza mali zake hadharani, na Januari 1996 akaunda tume ya kuchunguza kero ya rushwa chini ya Jaji Joseph Warioba, ambayo ilikabidhi taarifa yake kabla ya mwaka kwisha. Taarifa hiyo ilitenganisha rushwa ndogo, ambayo mtu hudaiwa ili apate huduma aliyostahili, na rushwa kubwa ya mikataba na zabuni inayotokana na tamaa ya watu ambao tayari wana kipato cha kuwatosha. Miaka mingi imepita na mgawanyo huo ungali ndio unaotusaidia zaidi kufikiri, kwa kuwa dawa ya ule ugonjwa wa kwanza, kama kupandisha mishahara au kupunguza foleni, haiwezi kuutibu wa pili.

Kiongozi anatakiwa kutamka nini, na kwa nani?

Tamko hupelekwa kwa Kamishna wa Maadili, mkuu wa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, katika nyakati tatu: ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka madarakani. Linahusu mali na madeni ya kiongozi mwenyewe, ya mume au mke wake, na ya watoto wenye umri usiozidi miaka 18 ambao hawajaoa au kuolewa. Vinavyolengwa hasa ni fedha zilizoko benki, hisa, dhamana za Serikali, maslahi katika kampuni au ubia, na mali zinazoingiza kipato. Kwa miaka ya karibuni fomu zimekuwa zikijazwa kwa njia ya mtandao, lakini msongamano wa mwisho wa Desemba bado ni ule ule.

Mbunge ana mzigo wa ziada. Ibara ya 70 ya Katiba inamtaka awasilishe kwa Spika taarifa rasmi ya mali yake na ya mwenzi wake wa ndoa.

Watu huuliza kwa nini madeni nayo yatamkwe. Sababu ni kwamba kiongozi mwenye deni kubwa kwa mkandarasi ana bwana wa pili, na mkandarasi huyo hahitaji kumpa bahasha, inatosha asimdai.

Je, raia anaweza kuliona tamko la kiongozi wake?

Kwa nadharia, ndiyo. Sheria inatambua kuwepo kwa rejista ambayo mwananchi anaweza kuikagua. Kanuni zilizotolewa mwaka 1996 ndizo zilizoufanya mlango huo kuwa mwembamba: anayetaka kukagua alitakiwa kwanza awe amewasilisha lalamiko, Kamishna aridhike kwamba lalamiko hilo ni la kweli na limetolewa kwa nia njema, taarifa inayotafutwa iwe inahusiana na uchunguzi, kisha alipe ada ya shilingi 1,000. Aliyefanikiwa kuona hakuruhusiwa kuyatangaza aliyoyaona.

Hapa inafaa kusema wazi kwamba utaratibu wa namna hiyo unakwenda kinyumenyume. Raia anatakiwa awe na lalamiko ndipo aone kumbukumbu, ilhali kumbukumbu hizo ndizo zingemwonyesha kama kuna jambo la kulalamikia. Jirani wa kiongozi, anayeliona ghorofa likipanda mwezi hadi mwezi, ndiye mkaguzi bora kuliko ofisa yeyote aliyeko Dodoma, lakini hana namna ya kulinganisha ghorofa hilo na kilichoandikwa kwenye fomu. Hoja ya faragha inayotolewa kuutetea usiri ina uzito kwa mtu binafsi. Kwa mtu aliyeomba mwenyewe kura au kukubali uteuzi, uzito wake hupungua sana.

Baadhi ya viongozi wamechagua kutangaza mali zao wenyewe, kama Mkapa alivyofanya. Ni hiari tu, na asiyetangaza havunji sheria.

Kiongozi akipewa zawadi afanye nini?

Zawadi ndogo ya ukarimu wa kawaida haikatazwi, na hakuna anayetaka mkuu wa wilaya akatae kuku kijijini na kuwafedhehesha wenyeji. Sheria ilipotungwa mwaka 1995 iliweka mpaka wa shilingi 50,000. Kilichozidi hapo kilipaswa kutamkwa na kukabidhiwa kwa ofisa masuuli, yaani msimamizi mkuu wa fedha na mali za taasisi, ambaye ndiye hutoa maelekezo ya namna ya kukitumia. Kipimo kinachofaa zaidi kuliko kiwango cha fedha ni kujiuliza kama mtoaji angempa zawadi hiyo mtu huyo huyo baada ya kustaafu.

Mgongano wa maslahi ni nini hasa?

Ni hali ambayo maslahi binafsi ya kiongozi, au ya watu wake wa karibu, yanakutana na uamuzi anaopaswa kuufanya kwa niaba ya umma. Kuwa katika hali hiyo si kosa, kwa sababu hata kiongozi mwadilifu ana ndugu, ana shamba na ana marafiki. Kosa huanza pale anaponyamaza. Sheria inamtaka atamke maslahi aliyonayo, hususan katika mkataba wa Serikali, na ajiondoe katika uamuzi.

Mfano uliowafundisha Watanzania wengi dhana hii ni sakata la akaunti ya Tegeta Escrow. Akaunti hiyo ilifunguliwa Benki Kuu kuhifadhi malipo yaliyokuwa na mgogoro kati ya TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL, na fedha zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizokuwamo zilitolewa kabla umma haujaelewa ni za nani. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya uenyekiti wa Zitto Kabwe, iliwasilisha taarifa yake Novemba 2014 na Bunge likapitisha maazimio. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu, na Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, ambaye alikuwa amepokea shilingi bilioni 1.6 kutoka kwa mmoja wa waliokuwa wanahisa wa IPTL. Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alijiuzulu Januari 2015.

Mapema mwaka 2015 Baraza la Maadili liliketi hadharani katika ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi, kusikiliza mashauri ya viongozi waliotajwa. Profesa Tibaijuka alieleza kwamba fedha hizo zilikuwa mchango kwa ajili ya shule. Mwandishi hana nia ya kuhukumu utetezi huo. Kinachofaa kuzingatiwa ni aina ya maswali yaliyoulizwa pale, kwa sababu hayakujikita katika wizi. Waliulizwa kama fedha zilitamkwa, kama mtoaji alikuwa na jambo lolote na Serikali, na kama kiongozi anaweza kutenganisha akaunti yake binafsi na wadhifa wake. Maswali ya namna hiyo hayana nafasi katika kesi ya jinai, na bila Baraza yasingeulizwa popote.

Sekretarieti ya Maadili, Baraza la Maadili na TAKUKURU: nani anafanya nini?

Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma hupokea matamko, huyahakiki, hupokea malalamiko na kuchunguza mwenendo wa kiongozi. Ikiona kuna shauri, hulipeleka kwenye Baraza la Maadili, chombo cha wajumbe watatu kinachosikiliza pande zote mbili na kutoa mapendekezo. Adhabu zinazotajwa na sheria ni pamoja na onyo, kushushwa cheo, kusimamishwa, kufukuzwa, kushauriwa ajiuzulu, na suala kupelekwa kwenye vyombo vya sheria pale linapogusa jinai. Baraza halimfungi mtu jela.

TAKUKURU hushughulikia jinai. Ilianza mwaka 1975 kama Kikosi cha Kuzuia Rushwa, ikawa Taasisi ya Kuzuia Rushwa mwaka 1991, na sheria ya 2007 ikaipa jina la sasa la Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Isipokuwa kwa kosa la hongo, sheria hiyo iliyataka mashtaka yapate kwanza kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka.

Kamishna wa Maadili na Mkurugenzi Mkuu wa TAKUKURU wote ni wateule wa Rais. Ukosoaji kuhusu jambo hili ni wa siku nyingi, na una haki: anayechunguza mawaziri anateuliwa na yule yule aliyewateua mawaziri, na hata mtu jasiri akiwa katika kiti hicho, umma utaendelea kujiuliza amechagua kuwachunguza nani na amewaacha nani.

Kujiuzulu kunamaliza suala?

Nchini kwetu kujiuzulu kumezoeleka kuitwa kuwajibika kisiasa, na mfano mkubwa ni wa Februari 2008, wakati Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu baada ya Kamati Teule ya Bunge, iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe, kuwasilisha taarifa kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond uliofungwa wakati wa mgawo wa mwaka 2006. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha walijiuzulu pia, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Lowassa alisema hakupewa nafasi ya kusikilizwa na kamati hiyo. Miaka saba baadaye aligombea urais kwa tiketi ya CHADEMA, chama ambacho viongozi wake walikuwa wamemtaja kwa ukali katika orodha ya mafisadi, nacho kikampigia debe nchi nzima.

Jambo hilo linaonyesha tatizo lilipo. Kujiuzulu bila shauri kusikilizwa hadi mwisho hakumsafishi mtuhumiwa wala hakumtii hatiani, na suala zima linabaki kuwa mali ya wanasiasa, wakilitumia leo na kulisahau kesho. Kwa mtuhumiwa mwenyewe, kama hana hatia, hiyo ni dhuluma.

Kuondoka madarakani, hata hivyo, hakumfungui kiongozi kabisa. Anatakiwa kutoa tamko la mwisho, na Sheria ya Maadili inamkataza kutumia vibaya manufaa ya wadhifa aliouacha.

Takrima wakati wa uchaguzi ni rushwa?

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa na kuruhusu kile kilichoitwa ukarimu wa kijadi, takrima, ambacho mgombea angeweza kukitoa kwa nia njema. Matokeo yake hayakumshangaza mtu: pilau, kanga, fulana na sukari vilihesabiwa kuwa ukarimu, na mgombea asiye na fedha akaonekana mchoyo. Mashirika ya haki za binadamu, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalifungua shauri Mahakama Kuu, ambayo Aprili 2006 iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba kwa sababu vinawabagua wagombea kwa misingi ya kipato na kufungua mlango wa rushwa.

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ilifuata, ikiweka ukomo wa matumizi na kuwataka wagombea na vyama watoe hesabu. Usimamizi wake umekuwa dhaifu, hasa katika kura za maoni ndani ya vyama, ambako katika majimbo mengi ndiko mbunge anakopatikana kwa kweli na ambako bahasha hutembea usiku.

Je, vigogo wamewahi kufungwa?

Wachache. Aliyekuwa mkurugenzi wa Benki Kuu, Amatus Liyumba, alihukumiwa kifungo cha miaka miwili mwaka 2010 kwa matumizi mabaya ya madaraka. Julai 2015 mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na Mahakama ya Kisutu katika kesi ya msamaha wa kodi uliotolewa kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu, ambao ulidaiwa kuisababishia Serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7. Mahakama Kuu ilipunguza kifungo hicho hadi miaka miwili, na mwaka 2016 walimalizia kwa kufanya usafi katika hospitali moja ya Sinza chini ya utaratibu wa huduma kwa jamii, picha zao wakiwa na mafagio zikasambaa nchi nzima.

Mwaka huo huo wa 2016 ilianzishwa Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi ya Mahakama Kuu, ambayo mitaani iliitwa Mahakama ya Mafisadi na ililengwa kwa mashauri yenye thamani ya kuanzia shilingi bilioni moja. Wengi walitarajia foleni ya vigogo mlangoni. Haikutokea kwa kasi iliyotarajiwa. Kesi za mikataba huhitaji nyaraka, wataalamu wa hesabu na mashahidi walio tayari kusimama, mara nyingi kutoka nchi nyingine.

Fedha zilizopotea hurudi?

Mara chache, na kwa njia zisizotarajiwa. Katika ununuzi wa rada ya kijeshi kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems, uliogharimu pauni milioni 28, kampuni hiyo ilikiri mwaka 2010 kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, na baadaye Tanzania ikalipwa pauni milioni 29.5 zilizoelekezwa katika vitabu na madawati ya shule. Kosa lililokiriwa lilikuwa la uhasibu. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa hongo.

Rais naye anabanwa?

Anatakiwa kutamka mali kama viongozi wengine. Kuhusu jinai, Ibara ya 46 inazuia asishtakiwe akiwa madarakani, na hata baada ya hapo hashtakiwi kwa aliyoyafanya kama Rais, isipokuwa ameondolewa na Bunge. Ibara ya 46A inaorodhesha sababu za kumwondoa, na mojawapo ni vitendo ambavyo kwa jumla vinavunja Katiba au Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Utaratibu huo haujawahi kutumika, na idadi ya kura inayotakiwa, theluthi mbili ya wabunge wote, inafanya usitarajiwe kutumika ambapo chama kimoja kina Bunge mkononi.

Rushwa ni lazima iwe fedha?

Hapana. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Rushwa kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, alama au haki nyingine yoyote. Kifungu cha 31 kinahusu matumizi mabaya ya madaraka hata kama aliyenufaika ni mtu mwingine, na kifungu cha 27 kinamtaka mtumishi mwenye mali isiyolingana na kipato chake aeleze alivyoipata.

Taarifa ya CAG ina nafasi gani?

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi taarifa yake kwa Rais kila mwaka ifikapo mwisho wa Machi, kisha huwasilishwa bungeni. Kwa siku chache magazeti hujaa mabilioni. CAG hamshtaki mtu. Anaonyesha palipo na pengo, na wajibu wa kuuliza nani aliidhinisha malipo unabaki kwa kamati za Bunge na vyombo vya uchunguzi.

Zanzibar ina utaratibu gani?

Ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 2015 na tume yake ya maadili, na kwa upande wa jinai kuna ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu wa uchumi iliyotokana na sheria ya mwaka 2012.

Nikitaka kutoa taarifa kuhusu kiongozi, nianzie wapi?

Amua kwanza kama jambo lako ni hongo au ni maadili, kwa sababu kupeleka lalamiko kusikohusika ndiko kunakolichelewesha. Ukidaiwa fedha au ngono, nenda TAKUKURU, yenye ofisi katika mikoa na wilaya na namba ya simu ya bure 113, na uende kabla ya kutoa, kwa sababu mtego huwekwa kabla ya fedha kubadilisha mikono. Ukiwa na shaka kwamba kiongozi ameficha mali, amepokea zawadi isiyotamkwa au amempa ndugu yake zabuni, andika kwa Kamishna wa Maadili Dodoma au fika katika ofisi za kanda zilizoko Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara, Tabora na Kibaha.

Andika unachokijua kwa macho yako na ukitenganishe na ulichosikia. Taja tarehe, mahali, namba ya kiwanja au ya zabuni, na majina ya walioshuhudia; hifadhi nakala. Lalamiko la uongo lililotolewa kwa makusudi ni kosa, lakini lililotolewa kwa nia njema na kushindwa kuthibitika si kosa. Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015 inakataza mtoa taarifa kufukuzwa kazi au kusumbuliwa kwa sababu ya taarifa aliyoitoa kwa mamlaka husika. Ulinzi huo unamhusu aliyeipeleka kwenye mamlaka. Aliyeanza kwa kuisambaza katika makundi ya WhatsApp anaweza kujikuta akijibu mashtaka ya makosa ya mtandao kabla ya kiongozi aliyemtaja hajaulizwa lolote.